Uongozi shirikishi wa wauguzi: kamati ya wodi iamue nini hasa?

Inchaji Wodi 5

Habari za kazi wadau.

Muuguzi mfawidhi wa hospitali yetu (rufaa ya mkoa, Tanzania Bara) anataka wodi mbili zianze majaribio ya uongozi shirikishi. Wauguzi wanaoshika zamu wawe na kamati yao inayoamua mambo ya uuguzi, badala ya kila kitu kushuka kwa tangazo kutoka ofisini. Wodi yangu ni mojawapo: magonjwa ya ndani upande wa wanawake, vitanda 36. Wazo naliafiki. Nakwama hapa.

Kwanza, kamati iamue nini na isiguse nini? Mganga mfawidhi keshauliza kama sasa manesi ndio wataendesha hospitali. Pili, tayari tuna WIT (timu ya wodi ya kuboresha kazi) ya 5S, ule mpango wa hatua tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi, na Baraza la Wafanyakazi. Kamati ya nne si mzigo? Tatu, muda. Zamu ya asubuhi tuko wanne. Wakiingia watatu kikaoni, nani anagawa dawa?

Jambo ambalo wenzangu wanataka kuanza nalo ni kanyula, yaani kimrija kinachoachwa kwenye mshipa kwa ajili ya dripu na dawa. Utaratibu wetu ni kuibadilisha kila siku ya tatu hata kama mshipa hauna shida yoyote, na wagonjwa wenye mishipa migumu wanachomwa mara nne tano ndipo ipatikane. Hilo kamati inaweza kulifuta yenyewe?

---

Mkunga wa Ziwa

Anza na karatasi ya mipaka kabla hujachagua hata mwenyekiti. Kamati za namna hii hufa mapema kwa sababu zinazinduliwa na kauli ya "wauguzi mtashirikishwa" bila mtu kusema kushirikishwa mpaka wapi. Muuguzi anadhani anaamua, ofisi inadhani anashauri. Uamuzi wa kwanza ukirudishwa, wa pili hakuna anayejisumbua kuuleta.

Mambo yaandikwe kwa majina, si kwa maneno ya jumla kama "masuala ya huduma". Yapo ambayo kamati inaamua na ofisi inaarifiwa tu: kukabidhiana zamu kufanyike mezani au kando ya kitanda, ratiba ya kugeuza wagonjwa walio hatarini kupata vidonda vya kulalia na nani anaisaini, mpangilio wa trei ya dripu na ya kufungia vidonda, jinsi muuguzi mgeni anavyoelekezwa siku zake za mwanzo wodini. Haya ni uuguzi mtupu na hayahitaji fedha mpya.

Yapo ambayo kamati inaandika pendekezo lakini lazima wengine wakubali: chochote kinachogusa oda ya daktari, dawa, maabara au mwongozo wa hospitali nzima. Kanyula yako iko hapa. Kutoa mpira wa mkojo bila kusubiri raundi kuko hapa. Muda wa ndugu kuona wagonjwa nao uko hapa, maana unagusa walinzi na wodi nyingine.

Halafu yapo ya kushauri tu: idadi ya wauguzi kwa zamu, vifaa vya kuingizwa kwenye bajeti, nani aende mafunzo. Hapo mwenye uamuzi ni mfawidhi na timu ya uendeshaji ya hospitali, ila ushauri wa kamati ujibiwe kwa maandishi.

Nje kabisa ya kamati weka nidhamu ya mtu, uhamisho, madaraja, likizo na posho. Lalamiko moja la mshahara likiingia kwenye ajenda, kikao kizima kinakuwa cha mshahara.

Mganga mfawidhi mwonyeshe karatasi hiyo na umkumbushe kwamba chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 kila muuguzi anafanya kazi kwa leseni yake, na anawajibika kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga yeye mwenyewe. Kura ya kamati haimwongezei mtu wigo wa kazi, wala haimkingi akikosea. Wauguzi wa wodi hata wakipiga kura kwa kauli moja kwamba waanzishe antibayotiki bila oda, bado ni kosa. Ukimwonyesha hivyo, hofu ya "manesi kuendesha hospitali" inapungua sana.

Hadidu za rejea zisizidi ukurasa mmoja, na sentensi muhimu kuliko zote iwe hii: pendekezo likifika kwa muuguzi mfawidhi lijibiwe ndani ya siku 14. Majibu ni ya aina tatu: "ndiyo"; "hapana" pamoja na sababu; au "bado" pamoja na tarehe ya jibu. "Tumelipokea, linafanyiwa kazi" lisihesabike kuwa jibu. Bila sentensi hiyo mnatengeneza kijiwe chenye muhtasari.

---

Zamu ya Usiku

Wote mnazunguka, swali ni posho. Watu wamezoea kikao kina bahasha na soda. Kikao kisicho na kitu watakuja wangapi? Na sisi wa usiku ndio kabisa, mnatuitia saa 8 mchana tukiwa tumelala.

---

Nesi Ughaibuni

Nikiwa upande wa Marekani, ambako utaratibu huu ulianzia, niongeze yanayoweza kusaidia.

Huku ulishika kasi miaka ya 1980, na jina linalotajwa zaidi ni Tim Porter-O'Grady. Wakati huohuo, mwaka 1983, American Academy of Nursing ilichapisha uchunguzi wa hospitali 41 zilizokuwa zikivuta na kubakiza wauguzi wakati kwingine wanakimbia, na moja ya vitu vilivyoonekana ni kwamba wauguzi wa huko walikuwa na sauti katika maamuzi ya kazi yao. Kutokana na hapo likazaliwa lile tuzo la Magnet, linalopewa hospitali zenye uuguzi bora. Hospitali ya kwanza kulipata ni University of Washington Medical Center, Seattle, mwaka 1994. Ndiyo maana leo hospitali nyingi zina mabaraza haya: tuzo linayataka. Matokeo yake yapo mabaraza yaliyoundwa kwa ajili ya faili la wakaguzi. Utayajua kwa ajenda: mapambo ya wiki ya wauguzi, keki, rangi ya sare.

Mgawanyo wa kiti ni huu: mwenyekiti ni muuguzi anayeshika zamu, si inchaji. Inchaji anaingia bila kura. Kazi yake ni kuleta taarifa (bajeti imebaki kiasi gani, matukio ya mwezi uliopita, mwongozo mpya wa wizara) na kuondoa vikwazo nje ya wodi. Samahani Inchaji Wodi 5, hapa nakugusa wewe: ukikaa mwenyekiti, vijana watakuangalia usoni kabla ya kunyoosha mkono.

Usianze na mabaraza ya hospitali nzima. Hospitali kubwa za huku zina baraza la utendaji, la ubora, la elimu, la utafiti, na juu yake la kuyaunganisha. Kwa wodi mbili hiyo ni nguo ya kuazima. Wodi mbili, kamati mbili, na kikao kifupi cha wenyeviti wawili na mfawidhi kila baada ya miezi 3 kinatosha.

Kuhusu mishahara, nakubaliana na Mkunga wa Ziwa, na huku kuna sababu ya kisheria: sheria ya mahusiano ya kazi ya 1935 inamkataza mwajiri kuunda au kutawala chombo kinachofanya kazi ya chama cha wafanyakazi. Baraza la wauguzi likianza kujadiliana na uongozi juu ya saa za kazi na malipo, chama kinaweza kushtaki. Kwenu sheria ni nyingine, ila ugomvi ni uleule.

Ukitaka kupima kama mamlaka yamehama kweli, kipo kipimo cha Robert Hess, IPNG. Toleo la awali lina maswali 86, kila moja linauliza nani mwenye udhibiti wa jambo fulani, alama 1 hadi 5. Jumla ikiwa 86 hadi 172, uongozi ndio unaoamua; 173 hadi 344 ni shirikishi; kuanzia 345 wauguzi wanajiamulia wenyewe. Kwa wodi moja maswali 86 ni mengi mno. Chagua kumi yanayowahusu, yajibiwe bila majina kabla ya kuanza na tena baada ya mwaka. Hayatalingana na alama za Hess, lakini yatawaonyesha mmetoka wapi.

---

Inchaji Wodi 5

Hilo la kukaa bila kura limeniingia, sina ubishi. Bado nataka kujua kuhusu kamati zilizopo na huo muda. Na kanyula jamani.

---

Mkunga wa Ziwa

Kamati zilizopo: usiunde mpya, ibadilishe WIT. Tangu 5S ilipoanza kwa majaribio Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, muundo wa WIT kwa kila wodi chini ya QIT (timu ya kuboresha huduma) ya hospitali unafahamika, una daftari na una njia ya kupeleka taarifa juu. Upungufu wake ni kwamba kwingi umeishia kwenye sasambua, seti na safisha: lebo kwenye makabati, mistari ya rangi sakafuni. Ongeza hadidu za maamuzi ya uuguzi kwenye WIT hiyohiyo. Mhudumu wa afya abaki mjumbe, maana ratiba ya kugeuza wagonjwa bila yeye ni karatasi tu.

Jina lisiwe "Baraza". Baraza la Wafanyakazi lina asili yake, Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, na lipo pia kwenye Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003. Lina wajumbe wa chama na linajadili bajeti na maslahi. Ukiita kamati ya wodi "baraza la wauguzi", TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya) watauliza mnataka kuchukua kazi ya nani, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Muda na posho ni swali moja. Kikao kikifanyika mtu akiwa amepumzika nyumbani, atadai nauli na posho, na ana hoja. Kikao kikiwa ndani ya saa za kazi na kimeandikwa kwenye rosta, ni kazi kama kugawa dawa. Kama zamu ya mchana inaingia saa 8 na ya asubuhi inatoka saa 9:30, mna dakika 90 ambazo zamu mbili zipo pamoja. Tumia saa moja kati ya hizo, baada ya kukabidhiana, mara moja kwa mwezi. Wajumbe 5 kwa saa moja ni saa 5. Mwenyekiti na katibu wape saa 2 zaidi kila mmoja za kuandaa na kuandika: jumla saa 9 kwa mwezi, zamu moja na kidogo. Kiasi hicho mfawidhi anaweza kukiidhinisha kwa maandishi, na akikataa kukiandika ujue hajamaanisha.

Epuka Jumatatu na siku ya raundi kubwa. Sheria nyingine: wakibaki chini ya wauguzi watatu wa kuhudumia wagonjwa, kikao kinaahirishwa hadi wiki inayofuata. Kikiahirishwa mara mbili mfululizo, taarifa inaenda kwa mfawidhi kama upungufu wa watumishi, maana ndicho ilichokuwa.

Zamu ya Usiku, usije saa 8 mchana. Pendekezo libandikwe chumba cha wauguzi siku 7 kabla ya kura, lenye safu tatu: nakubali, sikubali, nina swali. Aliye usiku anaandika humo na karatasi inahesabiwa kikaoni kama kura kamili. Kundi la WhatsApp litumike kukumbusha tarehe tu. Mjadala wa huduma ukihamia huko, muda si mrefu picha ya kidonda au jina la mgonjwa litaingia.

---

Flora IPC

Nije kwenye kanyula. Jibu fupi: kamati haiwezi kuifuta yenyewe, lakini ndiyo inayofaa kuliko mtu yeyote kuandaa hoja. Muuguzi ndiye anayeichoma, anayeiona kila zamu na anayemsikia mgonjwa akilalamika.

Ushahidi kwanza, na ni mtamu zaidi ya watu wanavyodhani. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la hospitali tatu za Queensland, Australia, wagonjwa 3,283: nusu walibadilishiwa kila siku ya tatu, nusu ilipohitajika tu. Uvimbe wa mshipa ulikuwa asilimia 7 kila upande. Hapo wauguzi wako watashangilia. Lakini hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva ziliacha kubadilisha kila saa 96 mwaka 2018 zikaenda "inapohitajika". Maambukizi ya damu yatokanayo na kanyula yakaongezeka, na mwaka 2019 zikarudi kwenye saa 96. Mwongozo wa CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani) wa 2011 unasema kwa watu wazima hakuna haja ya kubadilisha mapema kuliko saa 72 hadi 96, na kwa watoto ibadilishwe ikihitajika tu. Kwa hiyo siku ya tatu yenu tayari iko kwenye ukingo wa chini. Hatua ya kwanza isiyo na ubishi mkubwa ni kusogea hadi saa 96. "Inapohitajika" ije baadaye, mkishathibitisha kwamba ukaguzi unafanyika kweli.

Geneva inatufundisha wapi panaharibika. Siku ya tatu, pamoja na kero zake, ilikuwa inamlazimisha mtu kuitazama kanyula. Ukiiondoa bila kuweka kitu kingine, zinabaki mkononi kanyula ambazo hakuna anayezitumia.

Kwa hiyo andaeni hivi. Wiki 4 za mwanzo msibadilishe chochote, pimeni tu. Kila kanyula iwe na mstari kwenye daftari: tarehe na saa iliyowekwa, namba ya ukubwa (18, 20, 22), imewekwa wodini au mapokezi, tarehe ya kutolewa, sababu ya kutolewa. Kila zamu muuguzi anaandika alama ya VIP, kipimo cha kuangalia uvimbe wa mshipa kwa macho: 0 pakiwa safi; 1 kukiwa na maumivu kidogo au wekundu kidogo; 2 mkiona mawili kati ya maumivu, wekundu na uvimbe. Ikifika 2, toa na uweke kwingine. Msisubiri mshipa ugeuke kamba.

Hesabu ni uvimbe kwa kila kanyula 100. Kanyula 80 zikiwa na uvimbe 9, ni 11.25. Tahadhari: mwezi ujao mkipata 6 kwa 80 msitangaze ushindi, tofauti ya watatu kwenye idadi ndogo hivyo inaweza kuwa bahati. Endeleeni miezi mitatu minne ndipo mseme.

Kisha andikeni pendekezo la ukurasa mmoja lipite kwa kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi na daktari bingwa wa wodi. Liwe na masharti haya: kanyula isiyotumika kwa saa 24 itolewe, na daktari akitaka ibaki aandike sababu. Iliyowekwa kwa dharura bila usafi wa kuaminika ibadilishwe ndani ya saa 48, na zile za mapokezi usiku ndizo hasa. Tarehe na saa viandikwe juu ya plasta yenyewe. Na plasta isifunike tundu! Hapa ndipo ukaguzi wote unapofia: plasta ya kitambaa imezungushwa mkono mzima, muuguzi anaandika 0 kwa kitu asichokiona. Kama plasta angavu haipo bohari, kata vipande viwili vyembamba, kimoja juu ya mabawa na kingine kwenye mrija, tundu lifunikwe kwa kipande kidogo cha shashi safi kinachoweza kufunuliwa na kubadilishwa.

Jaribio liwe la wodi moja, wiki 8, na kigezo cha kusitisha kiandikwe kabla: kwa mfano, ukaguzi uliosainiwa ukishuka chini ya asilimia 80 ya zamu, mnarudi kwenye utaratibu wa zamani bila mjadala.

---

Sista Nyanza

Salamu kutoka Kenya. Hakuna aliyetaja mzunguko wa watumishi. Kamati inachaguliwa Januari, Machi wauguzi wanazungushwa wodi, Aprili aliyebaki ni katibu. Mwombe muuguzi mfawidhi wajumbe wasihamishwe ndani ya miezi 12, isipokuwa kwa dharura, na nafasi ikiachwa wazi ijazwe ndani ya wiki 2. Msiwabadilishe wote kwa pamoja pia: wawili watoke baada ya miezi 6, watatu baada ya 12, ili siku zote kuwe na anayejua pendekezo gani limekwama kwa nani.

Jambo la pili ni daktari bingwa. Mkimpelekea pendekezo lililokamilika atalitafutia kasoro. Mwiteni mapema, wakati wa zile wiki za kupima, aseme ni wagonjwa gani anawahofia. Atataja wenye kinga dhaifu na walio kwenye dawa zinazochoma mishipa, mnawatoa kwenye jaribio, na kuanzia hapo lina mkono wake.

---

Inchaji Wodi 5

Asanteni sana. Flora, daftari la kanyula tunaweza kulichora kwenye counter book, kurasa mbili zinazotazamana kwa kila wiki. Swali la mwisho: kanyula zilizotoka mapokezi bila saa iliyoandikwa tunazihesabuje?

---

Flora IPC

Saa ya kuanzia iwe saa mgonjwa alipoandikishwa mapokezi, si saa alipofika wodini. Ziwekee alama ya M pembeni na zibadilisheni ndani ya saa 48 kama nilivyosema. Mwisho wa wiki 4 hesabu za M zichambuliwe peke yake. Zikiwa ndizo zenye uvimbe mwingi, pendekezo lenu la kwanza linatakiwa kwenda kwa inchaji wa mapokezi, na hilo mtalipitisha kwenye kikao cha wenyeviti na mfawidhi.